Meli inaingia gudi Novemba: tukate safari ya kabla au ya baada?

Swali. Naishi Leicester. Mama yangu anakuja kutoka Mombasa mwezi wa Septemba, na Desemba anatimiza miaka 70. Nataka kumpeleka safari ya meli ya kitalii ya usiku 12, kutoka Southampton hadi Madeira na Visiwa vya Canary, na kurudi. Meli niliyoipenda haina safari yoyote kati ya tarehe 14 Novemba na 5 Desemba. Wakala anasema itakuwa gudini, yaani pale meli inapotolewa majini ili ikaguliwe na kutengenezwa. Safari ya mwisho kabla ya hapo, ya tarehe 2 Novemba, ni nafuu kwa pauni 310 kwa kila mtu. Ile ya tarehe 5 Desemba wanaitangaza kwamba meli itakuwa kama mpya. Baada yake kuna ya tarehe 17 Desemba, ya tarehe 29, na ya tarehe 10 Januari. Sote wawili tuna pasi za Kenya. Mimi nina ukaazi wa kudumu wa Uingereza. Nichukue ipi? Na hizo tarehe za gudi zinaaminika?

Jibu. Dada, chukua ya tarehe 10 Januari. Ikiwa ni lazima sherehe iwe ndani ya Desemba, chukua ya tarehe 17. Ya tarehe 5 usiiguse, hata ikishushwa bei. Ya tarehe 2 Novemba inaweza kuwa safari nzuri sana au ya kujutia, na kinachoamua ni kazi gani meli inakwenda kufanyiwa. Hizo pauni 310 peke yake hazikuambii lolote.

Kwanza tuondoe dhana kwamba meli inayoingia gudi ni mbovu. Sheria ndiyo inayoipeleka. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, SOLAS, unataka cheti cha usalama cha meli ya abiria kifanywe upya kila miezi 12, na sehemu ya chini ya meli ikaguliwe kila mwaka. Angalau mara mbili katika kila miaka 5 ukaguzi huo ufanyike meli ikiwa nje ya maji, na kati ya gudi moja na jingine isipite zaidi ya miezi 36. Miaka mingine wanashuka wapiga mbizi na kamera. Meli changa zinaweza kuruhusiwa kukaa muda mrefu zaidi, ndiyo maana kampuni kubwa husema meli zao huingia gudi mara moja au mbili kila miaka 5, kulingana na umri.

Kwa hiyo tarehe hazizuki tu. Zinafuata siku meli ilipokabidhiwa na kiwanda. Harmony of the Seas, kwa mfano, ilikabidhiwa Ufaransa Mei 2016, kwa hiyo ukaguzi wake mkubwa wa miaka 5 unaangukia Mei 2021 na Mei 2026, na gudi hupangwa karibu na hapo. Tafuta mwezi na mwaka meli yako ilipokabidhiwa, ongeza 5, 10, 15, halafu angalia kati ya hiyo miaka ilipandishwa lini mara ya mwisho. Ukitaka ushahidi wa maandishi, chukua namba ya IMO ya meli (IMO ni Shirika la Kimataifa la Bahari), zile tarakimu 7 zisizobadilika hata meli ikibadilishwa jina, ujisajili bure kwenye Equasis, tovuti ya taarifa za usalama wa meli. Hapo utaona ni shirika gani linaloikagua meli, liwe Lloyd's Register, RINA, DNV au Bureau Veritas, pamoja na tarehe ya ukaguzi mkubwa uliopita na ujao.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba pengo uliloliona ni gudi kweli. Pengo linaweza pia kutokana na meli kukodiwa nzima na kampuni au kikundi fulani. Meli iliyokodiwa kwa kawaida huondoka bandari yake na kurudi hapo hapo, na muda wake unalingana na safari za kawaida za meli hiyo. Pengo lako ni la siku 21 kwenye meli inayokwenda usiku 12, tena Novemba, mwezi ambao bei za kaskazini mwa Ulaya ziko chini. Hilo ni gudi. Dalili nyingine, ambayo kwako haipo, ni safari ya mwisho kuishia bandari isiyo ya kawaida, kama Hamburg au Rotterdam, na abiria kurudishwa kwa ndege. Meli kubwa haziwezi kupandishwa popote. Queen Mary 2 ina urefu wa mita 345, na gudi la Elbe 17 kule Hamburg lina mita 351. Ukiongeza mita kumi na kitu tu kwenye meli, kama zilivyo zile za daraja la Oasis, Hamburg haifai tena na inabidi meli iende kwingine, kama Cádiz kule Hispania au Marseille kule Ufaransa. Nafasi za magudi haya hukatwa miaka miwili au zaidi kabla. Hii ni habari njema na mbaya kwa pamoja: tarehe ya kuingia haibadilishwi ovyo, lakini meli ikichelewa kumaliza, hakuna gudi la jirani la kuihamishia.

Sasa lile swali linaloamua. Kuna gudi la ufundi na kuna gudi la ukarabati.

Gudi la ufundi huchukua siku 10 hadi 14. Meli hukwanguliwa magamba na mwani na kupakwa rangi upya. Valvu za kuingizia maji ya bahari hufunguliwa, sili zinazozuia maji kupenya kwenye mihimili ya rafadha, zile panga zinazosukuma meli, hubadilishwa, mapezi ya kuituliza meli kwenye mawimbi huvutwa nje na kukaguliwa, minyororo ya nanga hutandazwa sakafuni na kupimwa unene pingili kwa pingili. Abiria akirudi hataona tofauti, labda mazulia mapya mahali pawili patatu. Gudi la namna hii halina haja ya kukusumbua, kabla wala baada.

Gudi la ukarabati ni la wiki tatu na kuendelea. Hapo wanavunja migahawa, wanaongeza vyumba, wanabadilisha mabafu, wanang'oa mazulia ya korido za sitaha nzima. Queen Mary 2 mwaka 2016 ilikaa Hamburg siku 25, ikatoka na vyumba 15 vya mtu mmoja na vyumba 30 vya roshani ambavyo havikuwepo. Siku zako 21, ukitoa siku moja hadi tatu za kwenda na kiasi hicho cha kurudi, zinabakiza wiki mbili na ushei za kazi halisi, na tangazo la "kama mpya" linathibitisha kwamba hawaendi kupaka rangi tu. Kwa hiyo ichukulie meli yako kuwa ya kundi la pili hadi wakala akuonyeshe vinginevyo.

Hilo linarudisha macho kwenye ile safari ya bei rahisi. Ukarabati mkubwa hauanzi siku meli inapoingia gudini. Muda wa gudi ni ghali mno, basi kazi inayoweza kutangulizwa hutangulizwa meli ikiwa na abiria. Makandarasi hupanda safari moja au mbili kabla, wakapewa vyumba vya abiria. Utakuta bwawa moja limefungwa, korido ina marobota ya zulia chini ya turubai, duka linauza mabaki, na mashine ya kukwangua rangi inaanza kulia juu ya kichwa chako saa tatu asubuhi. Machi 2018 abiria wa Norwegian Sun waliotoka Miami kwenda Los Angeles kwa njia ya Mfereji wa Panama walilalamika sana juu ya vumbi, harufu ya kemikali na sehemu zilizofungwa, kwa sababu hiyo hiyo: kazi ilitangulizwa. Jambo jingine lisilosemwa sana ni chakula. Meli ikiwa gudini haina maji ya bahari ya kupoza mitambo yake, na vyumba vya baridi huzimwa au hutegemea mitambo ya muda ya nchi kavu, basi jikoni hupunguza akiba mapema. Siku tatu za mwisho menyu inajirudia na vinywaji fulani vinakwisha.

Je, kuna wa kumfaa safari hiyo? Yupo. Mtu anayekwenda kwa ajili ya bandari, anayeshinda nchi kavu na kurudi melini kulala, achukue pauni zake 310 na ashukuru. Bi mkubwa wa miaka 70 anayetaka kukaa sitahani na chai yake akitazama bahari, hapana.

Upande wa baada ndiko watu wengi hunaswa. "Safari ya kwanza baada ya ukarabati" inasikika kama kuwa wa kwanza kulalia godoro jipya. Godoro ni jipya kweli, lakini hebu tazama meli imepitia nini hadi kufika hapo.

Meli huingia gudini ikiwa nyepesi, matangi ya mafuta na maji yamepunguzwa. Kabla haijaingia, sakafu ya gudi imeshapangwa safu za matofali makubwa ya zege na mbao kwa kufuata ramani ya meli hiyo, kila tofali chini ya ubavu imara. Lango linafungwa, pampu zinavuta maji kwa saa kadhaa, meli inashuka sentimita kwa sentimita hadi ikae juu ya matofali, huku wapiga mbizi wakihakikisha haijakaa upande. Pale ilipokalia tofali hapapakwi rangi, kwa hiyo gudi lijalo matofali hupangwa mahali tofauti. Baada ya hapo umeme unatoka nchi kavu, vyoo vingi vinafungwa, mfumo wa hewa unasimama sehemu kubwa ya meli, na mamia ya mafundi wanaingia kwa viatu vya kazi.

Rangi ya chini ndiyo inayoshika saa. Haipakwi hewa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 85, na chuma lazima kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Novemba kule Brest, Ufaransa, au Hamburg, mvua ya siku mbili inakula siku mbili za ratiba. Meli inayokwenda Cádiz ina nafasi bora zaidi, ingawa safari ya kurudi Southampton inachukua karibu siku mbili na nusu, wakati kutoka Brest hata siku moja haifiki. Upepo nao una neno lake: meli ndefu ya sitaha 14 ni tanga, na haitolewi gudini upepo ukiwa mkali, hata kazi ikiwa imekwisha.

Kikubwa zaidi ni kile kinachogunduliwa meli ikishakauka. Sili ikifunguliwa na mhimili ukaonekana una mikwaruzo, au beringi ya rafadha ikaonekana imeliwa, kifaa kinaagizwa kiwandani na kila mtu anasubiri. Hapo mkurugenzi wa ukarabati anaanza kuchagua: kazi ya usalama haiguswi, kwa kuwa mkaguzi hatatia saini cheti; kinachoachwa nusu ni mgahawa, spa na vyumba. Ndiyo maana meli hutoka kwa tarehe iliyotangazwa, lakini hutoka na mafundi ndani.

Katika safari ya kwanza, basi, tegemea haya. Vyoo vya meli huvuta kwa ombwe, na vumbi la plasta na vipande vya mkanda huziba valvu zake. Sitaha nzima inaweza kukosa choo kwa saa kadhaa. Maji ya bomba hutoka na rangi ya kutu asubuhi ya kwanza, kwa kuwa matangi yalikuwa matupu na yamejazwa upya. Hewa ya vyumbani haijasawazishwa, wewe unapigwa baridi na jirani anatoka jasho. Harufu ya gundi ya zulia hukaa siku nyingi, na kwa mwenye pumu hilo ni jambo la kuulizia daktari kabla ya kulipa. Lifti zina tabia ya kusimama. Wahudumu wengi ni wapya au wamehamishwa sehemu, hawajui bado sukari iko kabati gani. Safari ya pili mambo haya hupungua sana, ya tatu yanabaki madogo madogo. Hesabu yetu ni hii: kwa gudi la ukarabati, acha safari mbili za kwanza au wiki tatu, lolote lililo refu; kwa shughuli ya maana isiyorudiwa, kama ya mama, acha mwezi mzima. Tarehe 10 Januari ni wiki tano na siku moja baada ya tarehe 5 Desemba. Hapo ndipo meli inakuwa mpya bila kuwa mbichi.

Tarehe 17 Desemba ni siku 12 tu baada ya tarehe 5, na ni safari ya Krismasi: bei juu, watoto wengi, meli imejaa hadi vitanda vya kukunjua. Inafaa kama siku yenyewe ya kuzaliwa ni muhimu kuliko utulivu. Ya tarehe 29 ina Mwaka Mpya Madeira, ambako fataki za Funchal huvuta meli nyingi, kwa hiyo bei yake si ya kawaida. Januari bei hushuka. Kwa ukweli wa mambo, Ghuba ya Biscay, ile bahari ya kati ya Ufaransa na Hispania mtakayoivuka, haina huruma kati ya Novemba na Februari kwa safari zote ulizozitaja, na mapezi mapya hayafuti mawimbi. Chukua chumba cha katikati ya meli kwenye sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Usichukue kile kilicho chini ya jiko, bwawa au ukumbi wa muziki. Na kama ukarabati umeongeza vyumba mahali palipokuwa na ukumbi, fahamu kwamba abiria wameongezeka na viti vya sitahani pengine havikuongezeka. Angalia ramani mpya ya sitaha, usitumie ya zamani.

Umeuliza kama tarehe zinaaminika. Kuanza gudi, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kumaliza, ndiyo kwa kawaida, lakini zikivunjika huvunjika vibaya. Tarehe 1 Aprili 2019, Oasis of the Seas ikiwa gudini Freeport, Bahama, kreni iliangukia sehemu ya nyuma ya meli na kuumiza watu 8. Safari tatu zilifutwa, na meli ikavuka Atlantiki kwenda Cádiz kutengenezwa. Gudi lenyewe liliharibika, kwa hiyo Julai mwaka huo huo Carnival Vista ilipopata hitilafu ya mitambo ya rafadha, ilibidi ibebwe na kupandishwa juu ya meli nyingine, BOKA Vanguard, iliyojizamisha chini yake na kuinuka nayo. Ajali kama hizo ni nadra. Ninalokuambia ni kwamba kufutwa kwa safari hutokea kwa ile ya kwanza baada ya gudi, mara chache ya pili, na kwa nadra sana ya nne. Hiyo ni sababu nyingine ya Januari.

Kwa upande wa pesa, unanunua Uingereza, na hilo linakulinda. Safari ya meli ni kifurushi, yaani usafiri na malazi yanayouzwa pamoja, chini ya kanuni za mwaka 2018 za safari za vifurushi. Kampuni ikifuta, inakurudishia kila senti ndani ya siku 14. Ikibadilisha jambo kubwa, mathalani kuondoa Canary yote na kukupeleka Norway, una haki ya kukataa na kurejeshewa bila kutozwa. Inaweza kukupa hati ya safari nyingine badala ya fedha, na mara nyingi hati hiyo huwa na thamani zaidi; lakini uamuzi ni wako, si wao. Kumbuka tu kwamba kinacholindwa ni kile ulichonunua pamoja. Tiketi ya ndege ya mama, hoteli uliyojilipia Southampton na gari la moshi haviko ndani.

Hapa kuna kosa moja linalowagharimu watu. Wakisikia tetesi kwamba gudi limechelewa, wanapiga simu kufuta wenyewe. Ukifuta wewe, unapoteza arubuni, na ukifuta baada ya kulipa salio, unapoteza sehemu kubwa ya nauli au yote. Kampuni ikifuta, hupotezi chochote cha kifurushi. Kwa hiyo subiri. Salio kwa kampuni nyingi hulipwa karibu siku 90 kabla ya kuondoka. Kwa safari ya tarehe 10 Januari hiyo ni karibu tarehe 12 Oktoba. Bima ikate siku ile ile unayolipa arubuni, kabla habari yoyote ya kuchelewa haijatangazwa, kwa sababu jambo lililokwisha julikana bima hailipi. Soma kama inagusa mabadiliko ya bandari na umri wa mama; bima nyingi huongeza bei au kuweka masharti kuanzia miaka 70, na ugonjwa wa sukari au presha lazima uandikwe hata kama unatulizwa kwa dawa.

(Wasomaji wetu wa Marekani, kanuni zenu ni nyingine. Tume ya Shirikisho ya Safari za Baharini inataka mrejeshewe fedha safari ikifutwa au kuondoka kukichelewa siku 3 za kalenda au zaidi na mkachagua kutokwenda, ndani ya siku 60 tangu mlipoomba.)

Kisha viza, ambayo kwenu ni kubwa kuliko gudi. Ukaazi wako wa Uingereza haukuingizi Madeira wala Canary. Madeira ni Ureno na Canary ni Hispania, zote ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na pasi ya Kenya inahitaji viza. Bila viza hiyo hamtapandishwa Southampton, hata mkisema hamtashuka melini. Wewe utaomba Uingereza. Mama aombe Nairobi kabla hajaondoka, ndiko makao yake. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Kwa safari ya Januari mama anaweza kuomba Julai au Agosti na kuja Septemba viza ikiwa mkononi. Nchi ya kuomba ni ile mtakayokaa siku nyingi zaidi: Canary zikiwa nyingi, Hispania, siku zikilingana, ile mnayoingilia kwanza.

Ombeni viza ya kuingia mara nyingi, na andikeni sababu. Meli inayotoka Southampton, ikagusa Vigo, Funchal na Tenerife, ikapita Casablanca au Agadir, halafu ikarudi Lisbon, imetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja inaishia pale Morocco. Na ratiba baada ya gudi ndizo zinazobadilishwa zaidi: meli ikiwa na tatizo la mwendo, bandari ya mbali inaondolewa na ya karibu inawekwa. Mnataka viza inayostahimili bandari ya Morocco kuingizwa katikati. Viza ya mama ya Uingereza nayo iangaliwe: iwe ya kuingia mara nyingi, na miezi yake 6 ya kukaa, kuanzia Septemba, iwe bado hai tarehe 22 Januari mtakaporudi. Akifika katikati ya Septemba, ana hadi katikati ya Machi, mradi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye viza yenyewe isiwe kabla ya hapo.

Tiketi yake ya ndege iwe ya tarehe inayobadilika, hata ikizidi bei kidogo, na kurudi kwake Mombasa kusiwe chini ya wiki moja baada ya tarehe 22.

Kuanzia tarehe 14 Novemba unaweza kuifuatilia meli mwenyewe kwenye MarineTraffic au VesselFinder, bure. Andika jina, utaona imetia nanga, imeingia gudini au iko majini kwa majaribio. Jambo la kutazama ni siku inapotoka ndani ya gudi na kufungwa gatini hapo hapo kiwandani: kazi za chini zimekwisha, zimebaki za ndani. Ikiwa bado iko juu ya matofali tarehe 1 Desemba, abiria wa tarehe 5 wana tatizo. Wewe hulinalo.

Kabla ya kulipa arubuni, mwandikie wakala barua pepe, usimpigie simu, kwa sababu unataka majibu yaliyoandikwa. Muulize gudi hili ni la ufundi au la ukarabati, na ni sitaha zipi zitakazoguswa. Muulize meli inakwenda kiwanda gani. Akijibu Cádiz au Brest bila kusita, ana habari, na akikuambia "Ulaya" hana. Muulize kama kazi yoyote itaendelea abiria wakiwa ndani baada ya tarehe 5 Desemba na hadi lini. Muulize chumba atakachokupa kiko juu na chini ya nini kwenye ramani mpya. Mwisho muulize, kampuni ikibadilisha bandari, ni wakati gani inahesabu kuwa ni badiliko kubwa. Akikwepa hilo la tatu, la kazi kuendelea abiria wakiwa ndani, hamia meli dada yake, kwa sababu kampuni nyingi zina mbili au tatu za daraja moja zenye ramani ile ile, na kwa kawaida haziingizi zote gudini mwaka mmoja.